Karatasi Kati ya Vyuma: Ufundi wa Gasketi na Lugha Yake katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa madarasani kama onyo la kimaadili, lakini katika mabanda ya mafundi wa jua kali ya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi ina maana ya moja kwa moja. Ufa unaowashughulisha mafundi hao hauonekani kwa macho. Umo kati ya vipande viwili vya chuma vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na kinachouziba mara nyingi ni karatasi tu. Karatasi hiyo iliyokatwa kwa umbo la chuma husika ndiyo iitwayo gasketi.

Makala haya yanaeleza jinsi gasketi ndogo za karatasi zinavyotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya pampu za maji, injini za kusagia nafaka na pikipiki katika kaunti za Kitui na Makueni. Aidha, yanachunguza lugha inayotumika kuuelekeza ufundi huo. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi hii, ambayo wengi huiona kuwa ya kubahatisha, ina kanuni zake thabiti, na kwamba kanuni hizo zimehifadhiwa zaidi katika vitenzi vya Kiswahili kuliko katika nomino zilizokopwa. Mtafiti anayehesabu nomino peke yake atadhani kwamba Kiswahili hakina lugha ya ufundi. Anayesikiliza vitenzi atafikia uamuzi tofauti.

Kwa Nini Gasketi Ikahitajika

Uso wa chuma uliochongwa kiwandani huonekana laini kama kioo. Hata hivyo, ukikuzwa kwa darubini hudhihirisha vilima na mabonde madogo sana. Vyuma viwili vya namna hiyo vikikutanishwa, hugusana kwenye vilele tu. Mabonde yanayobaki huungana na kuwa vijia ambamo maji, mafuta au hewa hupenya. Kuviponda vilele hivyo hadi vitoweke kungehitaji nguvu ambayo bolti haziwezi kuitoa.

Karatasi hutatua tatizo hili kwa sababu ni dhaifu. Bolti zinapokazwa, karatasi hukubali kubonyea, ikaingia katika mabonde ya upande huu na ya upande ule, na vijia vikafungwa. Hapa pana jambo ambalo mwanagenzi huchelewa kulielewa: sifa ya kwanza ya gasketi si ugumu bali utiifu. Gasketi ngumu kupita kiasi hukataa kuingia mabondeni, nayo iliyo laini kupita kiasi husukumwa nje na shinikizo la ndani. Fundi hutafuta kadiri iliyo katikati.

Kanuni hii haibagui mashine kubwa na ndogo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na kwa miongo mingi treni zake zilivutwa na injini za mvuke. Miongoni mwa zile za mwisho ni Garratt 34 za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Mmoja wa mitambo hiyo, uitwao Mount Gelai, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Ndani ya birika lake mvuke ulifikia kanieneo iliyozidi mara 15 ile ya hewa ya kawaida, na maungio ya kuuzuia yalihitaji mata imara kuliko karatasi. Lakini wale wanaounda vielelezo vidogo vya injini kama hizo kwa burudani, hasa nchini Uingereza, hutumia karatasi ya kaki iliyopakwa mafuta, kwa kuwa mvuke wao ni wa kanieneo ndogo na joto lake ni la wastani. Fundi wa pampu wa Mutomo na muundaji wa vielelezo wa Uingereza hawajuani, ila wamefikia jawabu moja.

Umuhimu Wake katika Ukambani

Kitui na Makueni ni nchi ya ukame wa mara kwa mara. Mvua hutarajiwa kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba, nayo mvua ya vuli ndiyo wakulima wengi huitegemea zaidi. Mito mingi, ukiwemo Tiva, hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji hujificha chini ya mchanga huo. Ndiyo sababu mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa wingi katika kaunti zote mbili. Kutoka kwenye visima vya kandokando ya mito hiyo, na kutoka Mto Athi ambao hauwi mkavu upesi, wakulima huvuta maji kwa pampu ndogo za petroli ili kunyweshea mboga na miche ya matunda.

Pampu ikisimama katika msimu wa kiangazi, mboga hunyauka kabla ya juma kwisha. Gasketi inayouzwa pamoja na vipuri halisi huenda ipo Nairobi, au haipo kabisa kwa kuwa pampu ni ya aina isiyoletwa tena nchini. Kwa mkulima wa Ikutha au Kyuso, nauli ya kwenda na kurudi huzidi thamani ya kipuri chenyewe. Katika mazingira hayo, fundi anayeweza kukata gasketi papo hapo ndiye anayeamua kama zao litavunwa au litapotea.

Uteuzi wa Karatasi

Maduka ya vipuri huuza karatasi maalumu ya gasketi katika mikunjo, yenye unene mbalimbali unaoanzia robo ya milimita. Isipopatikana, mafundi hutumia karatasi nyingine, lakini si karatasi yoyote tu. Mifuko ya saruji na ya unga wa mahindi hutengenezwa kwa karatasi ya kaki yenye nyuzi ndefu, ambayo haichaniki kwa urahisi na hunywa mafuta vizuri. Karatasi ya manila ni nene kiasi na unene wake ni sawa kila mahali, hivyo hufaa vifuniko vidogo. Karatasi yenye mng'aro, kama ya kalenda za ukutani, haipendelewi kwa sababu tabaka lake la juu huzuia mafuta kuingia. Boksi lenye mawimbi ndani halifai kamwe. Mawimbi hayo husalia kuwa mifereji hata baada ya kubanwa.

Kipimo cha unene hupatikana bila chombo ghali. Karatasi ya kawaida ya kuandikia, yenye uzani wa gramu 80 kwa kila mita mraba, ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo karatasi kumi zikishikwa pamoja hukaribia milimita moja. Fundi huweza kuishika gasketi kuukuu kwa mkono mmoja na fungu la karatasi kwa mkono wa pili, akazipunguza au kuziongeza mpaka vidole vimwambie kwamba zimelingana. Hukumbuka pia kwamba gasketi kuukuu imekwisha kubonyea, hivyo mpya yapaswa kuizidi kidogo.

Hatua za Utengenezaji

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Gasketi kuukuu hubanduliwa na mabaki yake kukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu au kisu butu. Tupa haitumiwi kwa sababu huchonga mabonde mapya juu ya uso ule ule unaokusudiwa kuzibwa.

Hatua ya pili ni kulihamisha umbo la chuma hadi kwenye karatasi, na kuna njia mbili za kufanya hivyo. Kwa chuma kigumu, karatasi hulazwa juu ya uso wake kisha ukingo hugongwa polepole kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo. Ukingo wenyewe hugeuka kuwa kisu na kuikata karatasi. Kwa vifuniko vya alumini, kama vya injini za pikipiki, kugonga ni hatari kwa kuwa alumini ni laini na ukingo wake huharibika. Hapo fundi hupaka uso wa kifuniko oili kidogo, akakibonyeza juu ya karatasi, na alama ya umbo ikachapika. Kisha hukata kwa mkasi na wembe. Njia hii ya pili ndiyo salama pia pale ambapo sehemu za ndani za injini ziko wazi, maana vipande vya karatasi vinavyorushwa na nyundo huweza kuangukia humo.

Hatua ya tatu ni mashimo ya bolti. Gololi ya beringi, iliyo kubwa kidogo kuliko shimo, huwekwa juu ya karatasi mahali shimo lilipo na kugongwa mara moja. Karatasi hukatika duara safi. Mashimo mawili yanayotazamana kwa mshazari hutobolewa kwanza na bolti kupitishwa humo, ili karatasi isisogee wakati mengine yanapotobolewa. Mashimo hayo hufanywa mapana kidogo kuliko bolti. Shimo linalobana bolti huikunja karatasi, na mkunjo mmoja hutosha kuanzisha mvujo.

Hatua ya nne ni kukata njia za ndani na hatimaye ukingo wa nje. Mpangilio huu hauna budi kufuatwa. Karatasi ikingali pana hukaa imara mkononi. Ukingo wa nje ukikatwa mapema, kinachobaki ni utepe mwembamba unaojipinda na kuchanika. Ni lazima pia kuhakikisha kwamba hakuna ulimi wa karatasi unaochomoza ndani ya njia ya maji au ya mafuta.

Hatua ya tano ni kulowesha. Karatasi kavu ikikutana na maji hulowa, ikavimba, ikageuka uji. Ikiloweshwa oili au kupakwa grisi kabla, nyuzi zake hujaa mafuta na maji hayapati pa kuingia. Mafuta hayo huilainisha pia ili ibonyee vizuri, na huizuia kugandamana na chuma, jambo litakaloshukuriwa na yule atakayeifungua pampu hiyo siku nyingine. Mahali panapopita petroli, silikoni ya kawaida huepukwa. Petroli huidhoofisha, na vipande vyake huweza kuziba vitundu vyembamba vya kabureta.

Hatua ya sita ni kukaza. Bolti haikazwi moja hadi mwisho kisha ya pili ikafuata. Zote huanza kukazwa kwa vidole, kisha kwa spana kwa kiasi cha nusu, na mwisho kikamilifu, na kila mara fundi huruka kutoka bolti moja hadi ile inayotazamana nayo. Asipofanya hivyo, kifuniko huinama upande mmoja na karatasi hubanwa huku, ikaachwa wazi kule. Baada ya mashine kufanya kazi kwa muda na kupoa, bolti hukaziwa tena kwa sababu karatasi imekwisha kutulia.

Gasketi kama Kipimo

Ingekuwa kuziba peke yake ndiyo kazi ya gasketi, unene wake usingekuwa na umuhimu mkubwa. Ukweli ni kwamba gasketi huamua pia umbali kati ya vyuma viwili, na umbali huo mara nyingi ni sehemu ya hesabu ya mashine. Katika pampu nyingi ndogo za maji, gurudumu la mapanga huzunguka karibu sana na ukuta wa pampu. Gasketi nene mno hulisogeza ukuta mbali, maji yakarudi nyuma kupitia mwanya huo, na pampu ikashindwa kuyapandisha hadi juu ya ukingo wa mto. Gasketi nyembamba mno huyafanya mapanga yasugue ukuta.

Mfano mwingine hupatikana katika injini za dizeli zenye silinda moja, ambazo kwa miaka mingi zimezungusha mashine za kusagia nafaka masokoni. Chini ya pampu ya dizeli ya injini nyingi za aina hiyo huwekwa vipande vyembamba vya karatasi au bati. Vikiongezwa, pampu huinuka na dizeli huchelewa kuingia katika silinda. Vikipunguzwa, dizeli huwahi. Hivyo fundi aliyepoteza kipande kimoja na kukibadilisha na kingine bila kupima huenda ameziba mvujo, lakini amezaa ugonjwa mwingine: injini ngumu kuwashwa, yenye moshi na isiyo na nguvu.

Kuna pia mvujo usiotoa tone lolote. Upande wa pampu unaovuta maji kutoka kisimani, kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya nje. Gasketi ya upande huo ikiwa na dosari, maji hayatoki. Hewa ndiyo inayoingia. Mwenye pampu huitazama, akaiona kavu na safi, na bado haileti maji. Katika mji wa Kitui, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hata pampu kamilifu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 9 hivi. Kwa vitendo, kina kinachowezekana ni kidogo kuliko hicho. Pampu yenye gasketi mbovu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo mdogo.

Mipaka na Hatari

Karatasi huanza kuungua joto lifikapo kiasi cha nyuzi 230 za Selsiasi. Mvuke wa injini ndogo za vielelezo, wenye kanieneo ya baa 3 juu ya ile ya hewa, una joto la karibu nyuzi 144, hivyo karatasi yenye mafuta huuhimili. Lakini gesi zinazowaka ndani ya silinda ya petroli au dizeli huupita mpaka huo kwa mbali sana. Kwa sababu hiyo, gasketi ya karatasi haiwekwi kwenye hedi wala kwenye bomba la moshi. Hapo hutumika shaba, alumini au tabaka za chuma chembamba. Gasketi ya shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu, na mafundi huilainisha tena kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu. Ikipoa, huwa imerejewa na utiifu wake.

Hatari kubwa zaidi haimo katika gasketi mpya bali katika kuukuu. Gasketi nyingi za zamani zilichanganywa na asbesto, madini yenye nyuzinyuzi yanayostahimili joto. Nyuzi hizo zikivutwa puani hukaa mapafuni kwa miaka mingi na huweza kusababisha saratani. Uingereza iliipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na marufuku ya Umoja wa Ulaya ikaanza kutumika mwaka 2005. Injini za kabla ya hapo zingali zikifanya kazi vijijini. Fundi anayekwangua gasketi kuukuu ya rangi ya kijivu akiwa ameikausha, kisha akapuliza vumbi kwa mdomo, anajidhuru pamoja na mwanagenzi aliye kando yake. Kuilowesha maji kabla ya kuibandua, kutoisugua kwa msasa, na kuyafunga mabaki yake badala ya kuyafagia ni tahadhari zisizogharimu chochote, mradi tu mtu azifahamu kwa lugha anayoielewa.

Lugha ya Karakana

Suala la lugha ndilo linaloufanya ufundi huu uwahusu wanafunzi wa Kiswahili. Katika mabanda ya Kitui na Makueni, Kikamba na Kiswahili hutumika sambamba. Katika miji iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa, kama Emali, Makindu na Mtito Andei, Kiswahili hushika nafasi ya mbele kwa kuwa wateja hutoka kila upande.

Nomino za kazi hii nyingi ni za kukopwa. Injini, gasketi, bolti, nati, spana, silinda na pistoni zimetoholewa kutoka Kiingereza na kuwekwa katika ngeli ya I-ZI: gasketi imeungua, gasketi zimeungua. Bomba na parafujo zilitangulia kuingia kutoka Kireno. Hata karatasi, neno ambalo leo hakuna anayelishuku ugeni, lilitoka Kiarabu. Ukopaji basi si dalili ya udhaifu wa leo. Ni mazoea ya lugha iliyoishi na wasafiri na vyombo vyao.

Vitenzi ni habari nyingine. Kukwangua, kugonga, kutoboa, kulowesha, kupaka, kubana, kukaza, kulegeza, kuziba na kuvuja ni vya asili ya Kibantu, na ndivyo vinavyobeba maarifa yenyewe. Unyambuaji huvipa uwezo wa kutofautisha mambo ambayo fundi hana budi kuyatofautisha. Bolti imekazwa humaanisha kuna aliyeikaza. Bolti haikaziki humaanisha kuna kasoro, pengine hesi zake zimelika. Kukazia ni kurudia kukaza baada ya karatasi kutulia. Vilevile, kauli ya kutendua inaingiliana na mantiki ya ukarabati: funga na fungua, bandika na bandua, ziba na zibua. Kila tendo la kuvunja lina tendo lake la kuunda, na lugha huonyesha uhusiano huo kwa mofimu moja. Hata tofauti ya mvujo wa nje na wa ndani imeshughulikiwa: pampu inavuja ni kauli moja, pampu inavuta hewa ni nyingine, na dawa zake ni mbili.

Neno kanieneo, lililotumika katika makala haya, ni mfano wa istilahi iliyoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Hujieleza yenyewe: ni kani iliyogawanywa juu ya eneo. Hata hivyo, mafundi husema presha. Pengo kati ya maneno hayo mawili ndilo pengo kati ya kamusi na karakana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikazikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Licha ya hayo, vitabu na mitihani ya ufundi imebaki kwa kiasi kikubwa katika Kiingereza. Kijana husoma kwa lugha moja na kufanya kazi kwa nyingine, na tahadhari kama ile ya asbesto hupotea njiani.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba gasketi ya karatasi huziba kwa kutii, hupima kwa unene wake, na hushindwa panapozidi joto. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuyasema haya yote bila kusitasita, alimradi anayekiandika aanze na vitenzi ambavyo mafundi tayari wanavyo, ndipo atafute nomino. Pampu za nishati ya jua zinazidi kuenea, na mafundi waliojifunza kwa pampu za petroli wanazeeka. Wanafunzi wa Kiswahili wenye asili ya Kitui na Makueni wana nafasi ya kuyarekodi maelezo yao wangali wanaendelea na kazi: si orodha ya majina ya vyombo tu, bali maagizo kamili jinsi yanavyotolewa kwa mwanagenzi, hatua kwa hatua. Maagizo hayo yakishaandikwa, mwalimu wa chuo cha ufundi atakuwa na mahali pa kuanzia, na mtunga kamusi atakuwa na ushahidi wa matumizi.